Usimtume Mtoto Nyumbani na Barua Peke Yake

Saa nne asubuhi, lango la shule ya bweni mahali fulani kati ya Rongo na Awendo. Tuseme ni mvulana wa kidato cha tatu. Anatoka na sanduku lake la bati, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, barua imo mfukoni. Alipatikana na simu bwenini. Amesimamishwa mbele ya paredi, jina lake limetajwa kwa kipaza sauti, wenzake wamecheka, kisha naibu mwalimu mkuu amempa barua ya kusimamishwa masomo kwa wiki mbili. Kwao ni Nyatike. Baba alikwisha fariki, mama anauza omena Muhuru na hurudi usiku, na aliyemlea hasa ni nyanya yake, dani, ambaye hawezi kusoma barua ya Kiingereza. Hakuna aliyempigia mama simu kumwambia kijana yuko njiani.

Shule ikiulizwa itasema kanuni zimefuatwa, na ni kweli zimefuatwa. Lakini kati ya lango lile na mlango wa dani kuna saa tano au sita ambazo hakuna mtu mzima hata mmoja anayejua kijana yuko wapi wala anawaza nini.

Tukizungumzia afya ya akili shuleni, fikira zetu hukimbilia chumba cha ushauri nasaha, au ile siku ya kualika mgeni kutoka Kisumu aje kuwahutubia wanafunzi ukumbini. Hayo ni mema na yaendelee. Ninachoshikilia mimi ni kwamba uhai wa mwanafunzi mara nyingi huokolewa au kupotea mahali pengine kabisa: pale shule inapomwadhibu, inapomrudisha kwa ajili ya karo, inapobandika matokeo ukutani, inapogundua ana mimba. Hizo ndizo saa ambazo aibu humkuta mtoto hana mtu. Na ni saa ambazo sisi wenyewe tumezipanga, kwa hiyo tunaweza kuzipanga upya.

Nisieleweke vibaya. Hakuna mtoto anayejiua kwa ajili ya simu tu. Waliochunguza jambo hili kwa miaka mingi wanakubaliana kwamba kujiua hakuna sababu moja. Huwa ni mrundiko: msiba ambao mtoto hakupewa nafasi ya kuulilia, vipigo vya nyumbani, njaa, sonona ambayo hakuna aliyeitambua, kunajisiwa na mtu anayeheshimika kijijini, wiki kadhaa za kukosa usingizi. Juu ya mrundiko huo huja tukio dogo, na tukio hilo dogo ndilo sisi watu wazima tunalolishika na kulisimulia matangani. Shule haiwezi kuuondoa mrundiko wote. Inaweza kuhakikisha kwamba tukio la mwisho halimkuti mtoto akiwa peke yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hii ni sababu ya tatu ya vifo. Hapa Kenya, kaunti za Migori na Homa Bay zina mambo yao ya ziada. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kaunti hizi mbili zikiwa sawa: katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 23 walikuwa wamewahi kushika mimba, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 15. Homa Bay imekuwa safu ya mbele ya maambukizi ya virusi vya ukimwi kwa miongo, na matokeo yake yamo darasani: watoto waliolelewa na nyanya zao, na watoto waliozaliwa na virusi ambao leo wako sekondari. Kando ya ziwa kuna jaboya, ile desturi ya mwanamke kutakiwa mwili wake ndipo auziwe samaki, na binti wa shule ama huyaona hayo kwa mama yake ama yanamkuta yeye. Huko Macalder mashimo ya dhahabu huwaita wavulana. Huko Kuria, likizo ya Disemba ikikaribia, kuna msichana anayehesabu siku kwa hofu ya kisu, ingawa sheria ya kukataza ukeketaji ni ya tangu 2011.

Halafu kuna elimu yenyewe. Huku mtoto hasomi peke yake, husomea boma zima. Ng'ombe ameuzwa, mjomba amechanga, kanisa limefanya harambee. Majina ya shule kama Kanga, Rapogi, Asumbi na Agoro Sare hutajwa kwa fahari kila matokeo ya KCSE yanapotoka, na mtoto aliyepata nafasi huko hubeba matumaini ya watu ambao hata hawajui vizuri. Akishindwa, hajui aanze kumwomba nani msamaha.

Dalili zipo, ila haziji na jina. Mwalimu wa zamu humwona mwanafunzi aliyeacha kula, akisukuma sahani kwa jirani. Matroni huona kitanda ambacho mwenyewe yuko macho saa nane usiku. Muuguzi wa shule humpokea yule yule mara tatu kwa wiki, anasema kichwa kinauma, wiya bara, hapewi zaidi ya vidonge viwili na maji. Mwingine huanza kugawa vitu: seti yake ya hisabati kwa huyu, sweta kwa yule. Mwingine hutania kwamba muhula ujao hatakuwepo, au huandika nyuma ya daftari kwamba wazazi watapumzika mzigo. Mvulana huweza kuonyesha huzuni yake kwa ngumi na chang'aa, naye huishia kwenye kitabu cha makosa wala si kwa mshauri. Na kuna dalili moja inayodanganya wengi: aliyekuwa na majonzi kwa wiki nyingi ghafla anakuwa mtulivu, karibu mchangamfu. Watu hushukuru kwamba yameisha. Wakati mwingine ni kwamba ameshaamua. Huyo ndiye wa kukaa naye siku hiyo hiyo.

Mwanafunzi bora naye asisahaulike. Kiranja aliyezoea A akaangukia B huwa hana mahali pa kulia, maana wote humtegemea yeye.

Ukishaona, uliza, na uulize kwa neno lenyewe. Walimu wengi huogopa kwamba kumtajia mtoto kujiua ni kumtia wazo ambalo hakuwa nalo. Uchunguzi uliorudiwa mara nyingi haujakuta hivyo. Wengi walioulizwa hupata nafuu kwa kuwa mtu amethubutu kulitaja. Mtafute faragha, si ofisini mwa nidhamu, si kwenye korido. Chini ya mwembe panatosha, mkae upande kwa upande badala ya kutazamana kama kesi. Maneno yanaweza kuwa haya: "Nyathina, mwanangu, wiki hii nimeona huli na hulali. Mtu akibanwa sana hufika mahali akatamani kufa. Wewe umefika hapo? Umewaza kujiua?" Kisha nyamaza. Nyamaza kweli kweli. Kimya kinachokuudhi wewe ndicho kinachompa yeye nafasi ya kupanga maneno.

Mwache ajibu kwa lugha yake. Zipo shule ambazo anayesikika akisema Kijaluo au Kikuria huadhibiwa, na sina nafasi ya kuubishania mtindo huo hapa, ila chumba cha ushauri lazima kiwe nje ya kanuni hiyo. Huwezi kumdai mtoto maumivu yake kwa Kiingereza chenye sarufi safi. Kama hujui Kisuba wala Kikuria, tafuta mwenzako anayekijua, ilimradi mtoto amemkubali.

Akikujibu ndiyo, kuna sentensi za kumeza. Usimwambie Mungu hapendi. Usimwambie fulani ana shida kubwa kuliko yake na bado anacheka. Usimwambie wewe ni mwanaume. Hata "mfikirie mama yako," ambayo husemwa kwa nia njema kabisa, humwongezea deni mtu ambaye tayari anaona yeye ni mzigo. Mwambie umefurahi kwamba amekueleza, na kwamba hutamwacha peke yake leo. Halafu muulize yale machungu: amepanga namna? Kitu alichokikusudia kiko karibu? Ni lini? Amewahi kujaribu? Jibu la swali la mwisho lina uzito wa pekee, kwa sababu aliyewahi kujaribu yuko hatarini kuliko wengine wote.

Kuanzia hapo asiachwe. Mtu mmoja anayemwamini akae naye, amsindikize hata chooni, amngoje mlangoni. Usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Mwambie ukweli: "Sitamtangazia mtu. Nitamwambia mtu mmoja anayeweza kutusaidia, na utajua ni nani kabla sijamwambia." Pengine mtu huyo si mzazi. Kama mtoto anakimbia yaliyomo nyumbani, kumpigia baba wa kambo ni kumrudisha mdomoni mwa mamba. Hapo piga 116, simu ya watoto ambayo ni bure usiku na mchana, au nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo.

Jambo linalofuata ni la funguo, na wengi hulipuuza kwa kuwa halionekani kama tiba. Hamu ya kufa hupanda na kushuka. Kilele chake mara nyingi ni kifupi, na anayevushwa saa hizo huweza kuishi mpaka uzeeni. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi katikati ya miaka ya 1990, idadi ya wanaojiua ilishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Watu wa huko hawakuacha kuhuzunika. Kilichopungua ni sumu iliyokuwa karibu na mkono. Kwa hiyo stoo ya shamba la shule, maabara na kabati la dawa vifungwe, na ijulikane ufunguo uko kwa nani usiku. Nyumbani, dawa za shamba, za mifugo na za wagonjwa zitoke chini ya kitanda, zifungiwe kwenye sanduku, au zipelekwe kwa jirani kwa muda. Mama asione haya kufanya hivyo. Wala asimngoje daktari amruhusu.

Siku hiyo hiyo au kesho yake, akiwa mtulivu kidogo, kaeni na karatasi moja ya daftari. Aandike yeye, kwa mkono wake na lugha yake. Juu kabisa: najuaje kwamba yanakuja? Pengine ni kukosa usingizi, pengine ni sauti ya mtu fulani. Chini yake: nifanye nini mwenyewe kuyapoza, kuoga, kuimba, kucheza mpira. Kisha niende wapi palipo na watu. Kisha majina ya rafiki wawili. Kisha mtu mzima mmoja wa shuleni na mmoja wa nyumbani, na namba zao. Mwisho, kitu gani kimeondolewa na nani anakitunza. Nakala akae nayo mfukoni, nyingine iwe kwa mwalimu. Wataalamu huuita mpango wa usalama. Hauhitaji fedha, na una nguvu kuliko mikataba ya zamani ya kumtaka mwanafunzi atie sahihi kwamba hatajiua, ambayo humlinda mwalimu zaidi ya mtoto.

Kumpeleka hospitali ni haki yake, si fedheha. Hospitali za rufaa za Homa Bay na Migori ndizo kubwa katika kaunti hizi, lakini anza na iliyo karibu: afisa wa kliniki wa hospitali ya kaunti ndogo anaweza kumwona, kumpa rufaa na kuanza matibabu. Madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache mno nchini na wengi wako Nairobi, kwa hiyo msisubiri daktari huyo ndipo muanze. Kijijini yupo mhamasishaji wa afya ya jamii. Serikali iliwatuma 100,000 nchini kote mwaka 2023, wakiwa na mikoba na simu, na kazi yao ni kubisha hodi. Mwombeni apite kwa dani wiki hii na wiki ijayo.

Kilichowazuia wengi kwenda hospitali kilikuwa hofu ya polisi. Kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, na wazazi wakaficha, shule zikaficha, na mficha maradhi kifo humuumbua. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, katika kesi iliyopelekwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Mwalimu mkuu ambaye bado anaita polisi kwanza na hospitali baadaye yuko nyuma ya sheria. Chifu naye aambiwe.

Sasa turudi kwenye nidhamu, maana hapo ndipo penye kazi.

Sisemi mwanafunzi asiadhibiwe. Anayeuza bangi bwenini asimamishwe. Lakini kabla karani hajapiga muhuri, mtu ampigie mlezi simu, aongee naye kwa lugha anayoielewa, amwambie kosa, amwambie pia kwamba mtoto ameumia na asipigwe akifika. Mlezi aje amchukue. Akishindwa, mfanyakazi wa shule amsindikize mpaka mkononi mwa mtu mzima. Ikiwa mlezi hapatikani, mtoto alale shuleni. Barua haina haraka. Kosa lisomwe ofisini, si kwenye paredi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza kumchapa mwanafunzi na inakataza pia kumtesa kisaikolojia, na sioni jina gani lingine la kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake mia sita na kumfanya achekwe. Barua iseme siku ya kurudi na iseme ni mwalimu gani atampokea langoni. Siku moja kati ya hizo wiki mbili, mwalimu wa darasa ampigie simu, si kumhoji, bali kumwambia darasani wamefika wapi.

Najua kuna mwalimu anayesoma haya na kusema nidhamu italegea. Italegea wapi? Adhabu imebaki ile ile, wiki mbili zile zile. Kilichobadilika ni kwamba mtoto amekabidhiwa mtu badala ya barabara.

Karo ni hivyo hivyo. Deni ni la mzazi na lidaiwe kwa mzazi, kwa ujumbe wa simu. Orodha ya majina inayosomwa kwa sauti kila Jumatatu humfundisha mtoto kwamba kuwapo kwake ndiyo gharama. Mtihani wa majaribio ukisahihishwa, kila mmoja apewe alama zake. Ile karatasi ndefu ya kuwapanga kuanzia wa kwanza hadi wa 214 iliyobandikwa nje ya ofisi sijaona imempandisha wa 214. Msichana akipatikana na mimba, mwongozo wa serikali wa mwaka 2020 unamruhusu aendelee kusoma na arudi baada ya kujifungua. Aambiwe hivyo katika dakika ya kwanza ya mazungumzo, kabla ya kuulizwa ni ya nani. Msichana anayedhani maisha yameisha anahitaji kusikia tarehe ya kurudi.

Matokeo ya kidato cha nne yana shida yake ya pekee: hutoka shule ikiwa imemwachilia mtoto, na hakuna anayejiona mwenye wajibu. Kila mwalimu achukue watahiniwa kumi, awapigie wiki hiyo, akianza na walioanguka. Waliofaulu watapigiwa na wengine.

Kuna kundi moja ambalo shule nyingi za kanda hii hulipita bila kuliona. Kichupa cha dawa za kupunguza makali ya virusi hulia kama kayamba ukikitikisa. Mwanafunzi wa bweni anayelijua hilo hushindilia pamba ndani, au huhamishia vidonge kwenye karatasi, au husubiri taa zizimwe ndipo ameze bila maji, au huacha kabisa muhula mzima ili sanduku lake lisije likapekuliwa mbele ya wenzake. Huyo anabeba siri mbili, ya ugonjwa na ya kuacha dawa. Suluhisho ni rahisi: muuguzi au matroni mmoja aliyeapishwa kutunza siri, kabati moja linalofungwa, saa ambayo wanafunzi wengi hupita hapo kwa sababu tofauti tofauti ili asionekane, na ruhusa ya kwenda kliniki isiyosomwa na kiranja. Na misako ya mabweni ifanywe na mtu anayejua akikuta nini anyamaze.

Kuhusu kuwafundisha wanafunzi wenyewe, ushahidi una somo ambalo halijafika kwa wanaopanga semina. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchunguzi wa shule 168 katika nchi kumi za Ulaya, wenye wanafunzi zaidi ya 11,000. Njia kadhaa zilipimwa. Kuwafunza walimu peke yao kutambua dalili hakukuleta tofauti ya maana. Kilichopunguza majaribio mapya ya kujiua kwa karibu nusu baada ya mwaka kilikuwa kuwapa wanafunzi wenyewe saa chache, ndani ya wiki nne, za kujadiliana na kuigiza hali za maisha yao: kutengana na rafiki, ugomvi wa nyumbani, namna ya kumwomba mtu msaada. Kwetu Kenya, shirika la Shamiri, lililoanzishwa na Tom Osborn na wenzake, limewatumia vijana wa miaka 18 hadi 22 waliomaliza sekondari kuongoza vikundi vidogo kwa saa moja kila wiki, wiki nne. Mwaka 2021 matokeo ya wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi yalionyesha nafuu iliyozidi ya wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma, na miezi saba baadaye tofauti ilikuwa bado ipo. Uchunguzi huo ulipima huzuni na wasiwasi, si kujiua. Lakini unaonyesha kwamba shule ya Ndhiwa au Kehancha haihitaji kungoja daktari. Ina wahitimu wake wa mwaka jana, wako sokoni wanangoja vyuo.

Vijana hao na washauri rika wafunzwe jambo moja bila kuyumba: ukisikia rafiki anataka kufa, hiyo si siri ya kutunza. Mtoto wa miaka 15 asiachiwe kulinda uhai wa mwenzake usiku kucha.

Pamoja na yote haya, kifo kinaweza kutokea. Zamani katika jamii nyingi za huku aliyejiua alizikwa kimyakimya, bila kuliliwa kama wengine. Siku hizi mara nyingi tunaangukia upande wa pili: basi la shule limejaa sare, kwaya, kipaza sauti, mheshimiwa anasimulia hatua kwa hatua kilivyotokea. Kote kuwili kuna madhara. Vijana huigana katika hili, na aliyekuwa ukingoni husikia ama kwamba wenye huzuni kama yake ni najisi, ama kwamba hatimaye kuna njia ya kupendwa na kutajwa na wote. Wanafunzi waambiwe darasa kwa darasa, na mwalimu wanayemfahamu, kwa maneno machache ya kweli: mwenzenu amefariki, tunaamini alijiua, alikuwa na maumivu ambayo tungetamani angetuambia, na kila mmoja wenu anaweza kutuambia yake. Namna na mahali visielezwe. Barua aliyoiacha isisomwe. Mchungaji asimpeleke motoni wala padre asimtangaze shujaa. Sala ya kawaida ya marehemu inatosha. Jirani wa kitanda, rafiki, aliyegombana naye wiki hiyo, mpenzi wake na mwalimu aliyemwadhibu mwisho waandikwe majina na watembelewe kwa miezi, si kwa siku tatu. Kitanda kisiachwe kama kaburi bwenini, wala kisipewe mtoto mgeni wiki hiyo hiyo.

Nanyi wazazi. Mtoto akirudishwa na barua, mpe maji, mpe chakula, mwache alale. Ugomvi unaweza kungoja kesho, hautapotea. Usimpeleke kwa mjomba mkali akanyooshwe. Baba uliye Nairobi, usimwachie mama kazi ya kuuliza. Piga simu, na swali la kwanza lisiwe kuhusu alama. Mkitaka kuombewa, ombeni, na mguu mwingine uwe njiani kwenda hospitali. Wachungaji wengi hapa ni watu wa kwanza kuambiwa kabla ya daktari yeyote. Wakijua la kufanya, nusu ya kazi imefanyika.

Kabla muhula huu haujaisha, kila shule iandike kwa rangi kubwa, ndani ya milango ya vyoo ambako mtu anaweza kusoma bila kuonekana, namba hizi zisizolipiwa: 116 ya watoto, 1199 ya Msalaba Mwekundu kwa mwenye msongo wa mawazo, na 1195 kwa aliyedhulumiwa kimwili au kingono. Ziruhusiwe kupigwa kwa simu ya shule bila mwanafunzi kuulizwa anampigia nani.

Na kama ni wewe mwanafunzi unayesoma haya, na unayewaza kujiua ni wewe, usingoje kupata maneno mazuri. Mwendee mtu mzima mmoja leo, matroni, mpishi, mwalimu, yeyote ambaye hajawahi kukucheka, umwambie: "Nawaza kujiua, usiniache peke yangu." Akishindwa kukusikia, nenda kwa wa pili. Halafu piga 116.